Mashine Thelathini na Moja

Bi Sikudhani Mloka hakupiga hodi. Aliingia ofisi ya Hesabu ya Wazi Jumatatu saa nne asubuhi, akaweka karatasi mbili juu ya kibodi ya Zamoyoni, kisha ndiyo akafungua mdomo.

"Lugoma wametuibia."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wametuibia, nakwambia. Angalia mwenyewe."

Zamoyoni aliangalia. Karatasi ya kwanza ilitoka zahanati ya Mkomole, ya pili ghala la ushirika la Lugoma. Kila moja ilikuwa na muhuri wa kata, sahihi ya shahidi, na mstari mmoja wa herufi kubwa: MAJARIBIO 60. MKOMOLE IMEZAMA MARA 57.

"Juzi nilikwenda Lugoma msibani, kwa wakwe zangu," alisema Bi Sikudhani, akivuta kiti bila kukaribishwa. "Nikaona wamebandika yao ukutani. Hamsini na saba. Na sisi hamsini na saba. Nikasema haya, inatokea. Lakini hebu tazama chini, hiyo mistari midogo."

Mistari midogo ilikuwa sitini. Kila mmoja ulitaja kimo ambacho Mto Lunyere ungefikia katika jaribio moja, kwa mita na sentimita.

"Nilikaa na shemeji yangu tukasoma mmoja mmoja. Yeye anasoma ya kwao, mimi kidole kiko kwenye yetu. Sita nukta arobaini na moja. Sita nukta arobaini na moja. Saba nukta sifuri tatu. Saba nukta sifuri tatu. Mpaka mwisho, mwanangu! Shahidi wao ni yule Chuma. Nimesoma naye. Tangu darasa la tano anachungulia daftari langu."

Zamoyoni alicheka. "Mama, Chuma hawezi kunakili. Anayeandika ni kompyuta. Yeye anatia sahihi tu."

"Basi kompyuta yao imechungulia yetu."

Kicheko kikamkatika Zamoyoni hapo hapo.

Aliinuka, akaenda kwenye rafu, akateremsha boksi la nakala za karatasi za msimu huu. Zilikuwa arobaini, moja kwa kila kata, na hakuna mtu aliyezisoma. Hakukuwa na haja. Kila mashine ilipomaliza kazi ilituma jibu lake kwenye kompyuta kuu, programu ya takwimu ikajumlisha, tangazo likatoka. Karatasi zilikuwa za ushahidi, na ushahidi ambao haujabishiwa hukaa kwenye boksi.

Alizipanga sakafuni, safu nne za kumi kumi. Bi Sikudhani alivua viatu asije akazikanyaga.

Hamsini na saba. Hamsini na saba. Arobaini na nane. Hamsini na saba. Hamsini na saba. Hamsini na saba.

"Kumbe wote wezi," alisema Bi Sikudhani, taratibu.

Thelathini na moja zilikuwa sawa, mpaka sentimita ya mwisho. Tisa tu ndizo zilizokuwa na majibu yao wenyewe.

*

Sheria ya Hesabu ya Wazi haikushuka kutoka mbinguni. Watu walilala barabarani siku kumi na tisa mwaka 2052 ili ipatikane, na walilala kwa sababu ya Kinyenze.

Mwaka 2048 kampuni ya washauri ilikuja Kinyenze na kompyuta moja iliyofungiwa ndani ya gari lenye vioo vyeusi. Ikatoka na namba moja: tisini na tatu. Kwamba kati ya vipindi mia vya miaka kumi vinavyoweza kuja, bonde litazama katika tisini na tatu. Watu wakauliza tuone. Wakaambiwa hamtaelewa. Mabati yakaezuliwa, kaya mia nne zikapakiwa. Leo ni mwaka 2063 na Kinyenze haijapata maji ya kufunika kisigino. Imepata miwa. Miwa ya nani, kila mtu anajua, na kila mtu ameambiwa asiseme.

Kwa hiyo sheria ikasema: hakuna mtu atakayehamishwa kwa namba ambayo hakuiona ikipikwa. Hesabu ifanywe kwenye kompyuta za wananchi, kwenye shule, zahanati na maghala, milango ikiwa wazi, mchana kweupe. Kila kata ichague shahidi wa kukaa mbele ya mashine tangu inawaka mpaka inazimika. Kompyuta zenyewe zilikuwa makombo ya mabenki, zimechoka, zinakula umeme wa jua kwa kusuasua. Moja peke yake isingemaliza kazi hata kwa mwezi. Arobaini kwa pamoja zilimaliza kwa siku moja, kwa sababu Zamoyoni Mkude, fundi simu wa Itumbe asiyewahi kukanyaga chuo, alijifunza programu ya takwimu kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada, akaandika skripti: orodha ya maagizo inayogawa kazi vipande arobaini, kuituma kila kata, kusubiri, kukusanya na kujumlisha.

Sheria ikaweka mistari miwili. Ikitoka tisini au zaidi katika mia, watu wanahama ndani ya siku thelathini, wapende wasipende. Ikitoka kati ya sabini na tisini, watu wanabaki, na wilaya inalazimika kujenga tuta kabla ya mvua.

Mkomole ilikuwa imetoka tisini na mbili na nukta saba tano. Malori yalikuwa yanakuja Alhamisi.

*

Bi Sikudhani alipoondoka, bado akiapa kumfuata Chuma nyumbani kwake, Zamoyoni alichukua bisibisi akafungua kompyuta ya akiba, ya aina ile ile ya kwenye kata, iliyokuwa kwenye kona. Alijua anachotafuta, na alikuwa anaomba asikione.

Betri ya saa, ile ya mduara kama kifungo cha koti, ilikuwa imekufa. Imeota kutu ya kijani.

Kazi ya mashine hizi ilikuwa kubuni mvua. Kila jaribio lilikuwa miaka kumi ya mvua ambazo hazijanyesha, zilizopangwa kwa bahati nasibu kufuata tabia ya mvua za kweli. Lakini kompyuta haina bahati nasibu. Inaanza na namba moja uliyoipa, inaikoroga, inapata nyingine, inaikoroga tena. Ukianza na namba ile ile unapata mvua zile zile, tone kwa tone, leo na kesho na kiama. Kwa hiyo skripti ilikuwa inaiambia kila mashine: namba yako ya kuanzia, itoe kwenye saa yako, sekunde ya sasa.

Mashine isiyo na betri ya saa ikizimwa inasahau. Ikiwaka inaamini ni usiku wa kwanza wa mwaka 2000, mpaka dakika mbili baadaye mtandao unapoisahihisha. Zamoyoni alilijua hilo tangu zamani. Ndiyo maana miaka yote skripti yake ilisubiri dakika tatu kabla ya kuanza. Halafu mwaka jana mawingu yakaja mapema, mashine sita zikakosa umeme zikiwa zimebakiza dakika moja au mbili, na mashahidi wa kata sita wakaondoka na karatasi tupu, wakilia. Mwaka huu akasema tusipoteze jua. Akafuta dakika tatu. Akaandika sekunde arobaini.

Thelathini na moja zikaamka, zikatazama saa zilizokufa, zikaona sekunde arobaini baada ya mwaka 2000 kuingia. Zote sekunde ile ile. Namba moja, mvua moja, jibu moja. Mashine arobaini zilitakiwa kuwa mashahidi arobaini, na sasa walikuwa kumi tu, mmoja wao akiwa amesema neno lile lile mara thelathini na moja. Na kwa bahati mbaya huyo mmoja ndiye aliyeona maji mengi kuliko wenzake wote.

Alichukua kalamu, akajumlisha zile tisa peke yake. Mia nne hamsini na tisa kati ya mia tano na arobaini.

Themanini na tano katika mia.

Akajumlisha tena kuanzia chini kwenda juu. Themanini na tano.

*

Katibu wa Baraza la Hesabu, Filbert Luambano, alikuja baada ya chakula cha mchana. Walikuwa wamelala pamoja barabarani mwaka ule, yeye na Zamoyoni, turubai moja, na mpaka leo Luambano aliitwa Katibu na kila mtu isipokuwa Zamoyoni.

Alisikiliza akiwa amesimama. Alizunguka karatasi sakafuni bila kuuliza kitu, maana hakuwa mjinga. Kisha akakaa.

"Themanini na tano," alisema.

"Kwa mashine tisa. Turudie zote ndipo tujue. Lakini itakuwa hapo hapo."

"Zamo. Themanini na tano katika mia, watu wanazama. Hiyo ndiyo habari njema unayotaka kuwapelekea?"

"Sijasema njema. Nimesema haifiki tisini. Hawawezi kulazimishwa kuhama."

"Na wakibaki?"

"Wilaya inajenga tuta."

Luambano alicheka kwa pua. "Mbwiga ilipata themanini na moja. Ulikuja na karatasi yako, watu wakapiga vigelegele, wanabaki! Sheria ikasema tuta lijengwe. Niambie, dada, tuta la Mbwiga liko wapi?"

Zamoyoni alitazama karatasi zilizokuwa sakafuni.

"Liko kwenye faili. Nimeliona, limechorwa vizuri kabisa. Wewe ulikuwa hapa na mashine zako. Mimi nilikuwa kule na miti ya kuopolea. Watu kumi na saba. Mtoto wa dada yangu tulimkuta siku ya nne, kwenye paa la shule, juu, unanielewa? Alipanda mpaka juu, maji yakamfuata."

"Najua, Filbert."

"Hujui. Umeandika." Alishusha sauti. "Kata ngapi zimewahi kuangukia kati ya sabini na tisini? Tatu. Matuta mangapi yamejengwa?"

"Moja."

"Moja. Kwa hiyo nakuomba. Sikwambii udanganye, sikwambii ubadilishe namba. Hiyo tisini na mbili imeshatoka, ina mihuri arobaini, hukuiiba. Nyamaza siku tatu tu. Alhamisi watu wanapanda malori, wanakwenda mlimani, wanatutukana, wanaishi. Ijumaa unarekebisha skripti yako na hakuna atakayejua."

"Kinyenze nao walipewa namba ya uongo."

"Na Kinyenze wako hai."

"Wako hai wanakata miwa ya mtu kwenye viwanja vya mama zao!"

"Lakini wanakata," alisema Luambano. "Wa Mbwiga hawakati."

Alipofika mlangoni aligeuka. "Wakibaki wakafa, usije ukaniambia ni mvua. Itakuwa ni wewe."

*

Kuna watu wangependa nieleze kwamba Zamoyoni hakusita. Alisita. Alikaa na karatasi zile mpaka saa kumi na moja jioni, na kwa muda mrefu wa mchana ule alikuwa upande wa Luambano. Mkomole kulikuwa na watu mia tatu na kumi na wawili. Aliwafahamu wengi. Namba ya uongo ingewaweka juu ya kilima, na namba ya kweli ingewaacha bondeni mikononi mwa serikali ambayo kwa miaka kumi na moja ilikuwa imejenga tuta moja. Kunyamaza ilikuwa rahisi kuliko kupumua. Asingefanya chochote. Malori yangefanya.

Simu ikalia. Bi Sikudhani.

"Mwanangu, naona aibu kukusumbua. Huyo Chuma anaapa kwa Mungu hajanakili. Lakini hilo tuliache. Nataka kujua jambo moja tu. Kesho ndiyo siku ya kuezua, tumeambiwa tuanze wenyewe ili mabati yasiharibike. Sasa mimi nifunge mizigo, au nisifunge?"

Zamoyoni alishika simu.

"Upo?"

"Nipo, mama."

"Unanisikia?"

"Nakusikia." Alivuta pumzi. "Mama, sheria inasema mashahidi watano wakiomba, hesabu inarudiwa. Wewe ni shahidi mmoja. Unaweza kunitafutia wanne?"

"Chuma nimhesabu?"

"Mhesabu."

*

Mpaka saa mbili asubuhi Jumanne walikuwa thelathini na wawili. Zamoyoni alirudisha zile dakika tatu kwenye skripti, lakini hakuziamini tena saa. Alipiga simu kata moja baada ya nyingine, akawaambia mashahidi neno moja: fikiria namba yoyote, iandike kwenye karatasi, onyesha waliokaa hapo, ndipo uniambie. Hiyo ndiyo mashine yako itaanza nayo.

"Yoyote?" aliuliza shahidi wa Kisimbo.

"Yoyote, ila isiwe ya mwenzako."

Mmoja alitoa namba ya baiskeli yake. Mmoja alitoa mwaka aliozaliwa mama yake na mwingine idadi ya mbuzi wake, akacheka kwamba ni saba tu na usimwambie bwana mifugo. Kata mbili zilitoa mia moja na kumi na nne, zikabishana nani ameanza, ya pili ikabadilisha kwa hasira. Chuma wa Lugoma alitoa namba yenye tarakimu tisa. Alisema asije mtu akasema ameichungulia.

Jua lilikuwa zuri. Mashine zilifanya kazi saa tisa mfululizo. Karatasi arobaini zilipigwa picha na kutumwa, na safari hii Zamoyoni alizisoma zote. Hakukuwa na mbili zilizofanana. Majaribio elfu mbili na mia nne, Mkomole imezama elfu mbili na arobaini na tatu. Themanini na tano na nukta moja.

Kwa hesabu, kazi ilikuwa imekwisha. Lakini maneno ya Luambano yalikuwa bado yamekaa kwenye kiti alichokalia. Jumatano Zamoyoni aliwaomba mashahidi siku moja zaidi. Alifungua skripti, akaingiza kitu ambacho hakijawahi kuombwa na baraza lolote kwa sababu hakuna sheria iliyokitaja: mto ule ule, mvua mpya, lakini ukingoni mwa Mkomole pawe na tuta la mawe la mita mbili. Kisha akaziwasha tena mashine zote arobaini.

*

Malori yalikuwa kumi na manne. Alhamisi saa tatu asubuhi yalikuwa yamejipanga nje ya zahanati ya Mkomole, tupu, madereva wakivuta sigara chini ya vivuli vya mabodi. Afisa Tarafa, Bwana Kihwelu, alikuwa na spika ya mkononi na karatasi ya majina. Luambano alisimama kando ya lori la mbele, mikono nyuma. Nusu ya nyumba hazikuwa na mabati.

Zamoyoni hakuomba spika. Alipanda juu ya ngazi za zahanati akasoma majibu yote mawili kama yalivyo, la kwanza na la Jumanne, kisha akaeleza. Alieleza betri. Alieleza sekunde arobaini. Wachache walielewa vizuri, wengi walielewa ya kutosha.

"Kosa ni langu," alisema. "Si la mashine, wala si la Chuma."

"Ya Chuma tutaongea baadaye," alisema Bi Sikudhani kutoka mbele, na watu wakacheka, na kicheko kikawaruhusu kupumua.

Mzee Pesambili Kobelo, aliyekuwa amekaa juu ya rundo la mabati yake mwenyewe, alinyanyua mkono. "Kwa hiyo hatuhami."

"Hamlazimishwi kuhama, mzee."

"Na mimi nimeshaezua."

"Pole, baba."

"Pole haina misumari. Haya, na mafuriko?"

"Yapo. Katika miaka kumi, themanini na tano kwa mia."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimsogeza mtoto mbele.

"Sheria inasema wilaya ijenge tuta kabla ya mvua," aliendelea Zamoyoni. "Sheria ilisema hivyo hivyo Mbwiga. Mbwiga tuta halikujengwa na watu kumi na saba walikufa. Ninawaambia ili mtu asije akasema sikusema."

Macho yakamgeukia Bwana Kihwelu. Afisa alikohoa kwenye spika. Alisema suala la tuta litapelekwa kwenye kikao husika, kwamba kuna taratibu, kwamba bajeti ya mwaka imeshapita ila maombi maalumu yanaweza kuandaliwa. Alipomaliza, hata yeye hakuonekana kujiamini.

"Umesikia?" Luambano alisema kwa sauti. Alikuwa anamwambia Zamoyoni lakini alisikika na wote. Akaona wanamtazama, akatoa mikono nyuma. "Mimi nilimwomba anyamaze. Bora mjue. Nilimwambia awaache mpande malori kwa namba mbovu, kwa sababu nimewaopoa wa Mbwiga kwa mikono hii na sikutaka kuwaopoa ninyi. Basi. Nitukaneni."

Hakuna aliyemtukana. Mzee Kobelo alimtazama kwa muda. "Ungetuuliza," alisema.

Bi Sikudhani alikuwa amepanda ngazi, anasoma karatasi nyingine kutoka rundo la Zamoyoni, kidole kikitembea chini ya mistari. "Hii nyingine ni ya nini? Hii ya jana. Nilikaa nayo mchana kutwa hukuniambia."

"Hiyo ni Mkomole yenye tuta la mawe la mita mbili."

"Mbona inasema mara kumi na moja? Nyingine kumi, nyingine kumi na tatu."

"Kati ya sitini. Kwa mashine zote inatoka kumi na tisa katika mia."

"Kutoka themanini na tano?"

"Kutoka themanini na tano."

Minong'ono ilianza, ikapanda. Bi Sikudhani aliikata kwa mkono. "Ngojeni. Mvua zinaanza lini?"

"Wiki saba," alijibu mtu.

"Na mawe?"

"Mawe ni ya Lugoma," alisema Mzee Kobelo. "Machimbo yale yaliyoachwa. Kilomita kumi na mbili. Yapo mpaka ya kutupa. Ni kuyafikisha tu hapa, nani atayabeba kichwa—"

Hakumalizia. Alikuwa ameelekeza uso barabarani, na mmoja baada ya mwingine watu wote wa Mkomole wakageuka upande ule ule. Malori kumi na manne, tupu, matangi yamejaa, madereva wapo.

Bwana Kihwelu aliona walichokiona. "Jamani, hapana," alisema, spika ikipiga filimbi. "Hayo magari yana kazi yake. Yameidhinishwa kwa ajili ya kuhamisha."

"Basi yahamishe mawe," alisema Bi Sikudhani.

Alishuka ngazi, akavuka barabara, akakaa chini mbele ya lori la kwanza, miguu ameinyoosha, karatasi mapajani. Hakupiga kelele. Mzee Kobelo akaburuta bati lake moja akalikalia pembeni yake. Wakaja wengine. Hawakuambiana, wengi wao walishawahi kukaa barabarani na walijua kinavyofanyika, nani akae wapi, nani alete maji. Bwana Kihwelu alipiga simu, akapiga tena. Alieleza, akasikiliza, akasema ndiyo mkuu, hapana mkuu, ni wengi mkuu. Ilimchukua saa mbili. Kisha alikunja karatasi ya majina akaitia mfukoni, akamwambia mtu wa upande wa pili wa simu kwamba sawa, wiki moja tu, lakini kwa maandishi.

"Wiki saba," alisema Bi Sikudhani kutoka chini.

"Mama, nimepewa moja."

"Ukirudi wiki ijayo utatukuta hapa hapa."

Kaya tisa hazikubaki. Yule mwanamke mwenye mtoto alikuwa mmoja wao. Alisema kumi na tisa kwake ni nyingi, na hakuna aliyembishia. Walipewa lori la mwisho, watu wakasaidia kupakia vitanda. Luambano alifunga kamba za mizigo, akahakikisha kila fundo, kisha akaja kusimama karibu na Zamoyoni. Alikuwa amekunja mikono ya shati.

Dereva wa lori la mbele alishusha bodi ya nyuma. Vijana na wazee wakaanza kupanda na machepeo na mitaimbo. Zamoyoni alikuwa ameanza kukusanya karatasi zake kutoka kwenye ngazi za zahanati, azirudishe ofisini, azipange, aandike taarifa.

"Wewe unakwenda wapi?" Bi Sikudhani alimwita kutoka juu ya lori.

"Ofisini, mama. Nina kazi."

"Hiyo hesabu yako bado ina kumi na tisa ndani yake," alisema Bi Sikudhani, akamnyooshea mkono. "Panda."

Zamoyoni aliweka karatasi chini, akaziwekea jiwe juu, akapanda.